Mshale wa Kuelekea Ruma

Jumatatu, 7 Agosti

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Habari ya mwanangu mwenyewe nimeisikia kwa Turfosa! Huyu ni mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alitujengea nyumba mbili zinazotazamana, tupendane. Tumetazamana miaka yote hii.

Alikuwa anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama nimeshamtafutia Olweny sweta. Sweta la nini, na jua hili? Akasema kwa sauti ile yake ya huruma kwamba Mara kuna baridi asubuhi, mama Olweny, kwani hajakwambia? Nikasema ameniambia, tena zamani. Uongo. Nikaingia ndani nikakaa juu ya gunia la mahindi mpaka moyo ukashuka.

Kumbe Odera, mwanawe Turfosa anayeendesha watalii kwenye mbuga ya Mara, amemtafutia kitinda mimba wangu kazi kambini huko, ya kuongoza wageni. Anatakiwa Jumanne ijayo. Simba wa Mara wanalala barabarani kama mbwa. Nimewaona kwenye simu ya Turfosa. Hunionyesha kila Odera akituma picha.

Jioni nikambana Olweny. Nikamwambia dada zako wameolewa mbali, kaka yako yuko Kisumu na mke anayenichungulia nikitia sukari, sasa nani atanifungia lango la boma? Akachora chini na kijiti. Halafu akasema si kwamba anataka kwenda. Kazi hii ameisomea. Mbuga ya Ruma iko hapo nyuma ya waya, twiga tunawaona tukienda chooni. Lakini watalii hawaji, wote wanakimbilia Mara. "Nitamwongoza nani, mama? Mbuzi wako?" Wageni wakija, akasema, hata wachache, mimi sitoki hapa.

Amesema mwenyewe! Wageni wakija, hatoki. Basi kazi ni kuleta wageni tu. Nina wiki nzima.

Presha imepanda. Daktari alisema jioni niandike mawazo badala ya kulala nayo. Naandika. Yananifuata kitandani vilevile.

Jumanne, 8 Agosti

Nimeamka na akili.

Olweny aliwahi kusema kwamba wenye pesa siku hizi wamechoka kusongamana Mara, msururu wa magari umemzunguka chui mmoja mpaka chui anaona haya. Sasa wanatafuta mahali ambapo watu hawapajui. Mahali hapo si ni kwetu? Nani anapajua? Hata wale wa sensa walitupita, tukawakimbilia sisi.

Kinachotakiwa ni kibao barabarani. Nimekwenda kwa Otuge, fundi wa rangi pale sokoni. Otuge huandika misalaba na vibao vya matanga, kazi nyingine hana, kwa hiyo rangi aliyo nayo ni nyeusi na nyeupe. Nikasema haidhuru, inasomeka. Mimi niliacha shule darasa la tano lakini maneno ya kibao nimeyatunga mwenyewe: RUMA, MAHALI PASIPOJULIKANA. Chini yake OLWENY, kwa herufi kubwa, mgeni ajue amwulizie nani. Halafu mshale. Nafasi ikabaki pembeni. Otuge akachora shada la maua, mkono wake umeshazoea. Lilipendeza sana.

Tumekisimamisha njia panda, kwenye barabara kuu. Mshale mwingine hapa langoni kwangu. Turfosa akapita na ndoo, akasimama, akasoma, akajishika mdomo.

Wivu!

Alhamisi, 10 Agosti

Mungu wangu. Mungu wangu.

Nilikuwa napepeta mtama. Nikasikia lori, kisha kilio. Si kilio cha mtu, kilio cha lori zima. Wanawake wakaingia langoni mbio, matawi ya majani mikononi, wanaita Olweny, Olweny, umetuachia nani! Mtoto alikuwa amekwenda kuchota maji asubuhi. Nikajua basi. Ni boda boda. Ni nyoka. Ni kifaru amevunja waya. Nikaanguka chini nikalia kuliko wote, nikajigaragaza, kitenge kikafunguka, mama mmoja ananishika mabega ananiambia jikaze, mama, alikuwa kijana mzuri, sote tulimpenda.

Ndipo Olweny akatokea na jerikeni la maji begani. Akauliza nani amekufa.

Wanawake wakaangusha matawi.

Walikuwa wanakwaya wa kutoka Ndhiwa, watu wasiokosa matanga. Wamepita njiani, wameona kibao cheusi, shada, jina la mtu, mshale. Na hapa kwetu mshale wa barabarani huwa wa nini kingine kama si matanga? Mkubwa wao akanifokea: mahali pasipojulikana si ndiko anakokwenda marehemu? Nikajaribu kueleza habari za watalii. Akasema habari hizo hawazijui, wao wanachojua ni kwamba machozi wameshayatoa, na watu waliolia langoni hawaondoki na njaa. Ndivyo ilivyo kwetu. Nimechinja jogoo mwekundu na yule wa madoa. Turfosa alikuja kusaidia kupika bila kuitwa. Kila akikoroga sufuria mabega yanamtikisika.

Lakini! Nyuma ya lori kulikuwa na gari dogo jeupe. Mwanamke wa mjini, suruali, kofia, darubini shingoni. Alikaa na wanakwaya, akala ugali wake kwa mkono vizuri kabisa, kisha akamnong'oneza jirani yake kwamba samahani, huu msiba ni wa nani. Akaonyeshwa Olweny aliyekuwa anagawa soda. "Wa huyo."

Anaitwa Nkirote, Mmeru anayekaa Nairobi. Kazi yake, nilimfanya airudie, ni kuandika kwenye gazeti la picha kuhusu mahali pa kwenda likizo ambapo watu hawaendi. Ameona kibao chetu, akafuata lori.

Nimetazama juu. Kibao kimefanya kazi! Huyu akiandika vizuri wageni watakuja, na Olweny hatoki.

Alitaka kulala kwenye hema. Hema! Mgeni wangu alale chini ya turubai kama mahindi! Nyumba yangu inavuja. Nyumba yenye bati jipya na godoro ni ya Olweny, nyumba yake ya ukapera pale karibu na lango. Nikaamuru mgeni alale humo, Olweny aende kwa binamu yake. Olweny akanivuta kando. Mama, mwanamke alale nyumbani kwangu? Unajua watu watasema nini. Nikamwambia mgeni wa kazi hahesabiwi. Mimi nilikuwa nawaza bati tu.

Mapazia hakuna. Lakini nina vitambaa vya buluu, vilibaki nilipokuwa nashona mitego ya mbung'o, ile inayotundikwa porini, maana mbung'o akiona buluu hajiwezi, anaifuata mpaka anafia humo. Kitambaa kizuri, kizito. Nikajiuliza, na mbung'o je? Nikajijibu: mbung'o ni wa porini, pazia ni la nyumbani, watakutana wapi? Ila mama haingii chumba anacholala mwanawe mtu mzima. Kwa hiyo nimeyatundika nikiwa nje, kwa kijiti, kupitia dirishani. Moja limekaa upande.

Kilichobaki nimemshonea Olweny shati la kazi. Mwongoza wageni lazima apendeze. Na kipande cha mwisho kabisa nimempa mgeni shali, na kingine mimi nikajifunga kichwani.

Ijumaa, 11 Agosti

Alfajiri nimeamshwa na vigelegele. Nikadhani naota. Nikachungulia.

Turfosa! Amevaa nguo yake ya Pasaka, nyuma yake wanawake wa kijiji kizima, huyu kuni kichwani, yule kibuyu cha maziwa ya mgando. Wamejipanga mbele ya mlango wa Olweny wanaimba nyimbo za kumtoa bibi arusi.

Hapa kwetu jambo hilo halina mjadala. Mwanamke akilala nyumba ya kijana ambaye hajaoa, na asubuhi akatokea kwenye mlango huo, ameolewa. Kilichobaki ni ng'ombe.

Mlango ukafunguka. Nkirote, mswaki mdomoni. Nikafumba macho. Nilipofumbua anacheka! Alidhani ndivyo tunavyowapokea wageni. Akakimbilia kamera. Akaingia katikati akacheza nao, mabega na yote. Turfosa akamkabidhi kuku mweupe. Akampokea kwa mikono miwili akasema asante sana, mama, sikutegemea mapokezi kama haya. Vigelegele vikapasua anga. Kuku ameshapokewa. Basi.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi. Lakini Turfosa akanishika mkono, akaniambia kwa uchungu wa kweli: "Kumbe wewe ni mjanja hivi! Msomi, tena ana gari. Odera wangu yeye kazi ni kupiga picha na tembo." Tangu nimjue, Turfosa hajawahi kunionea wivu mchana mbele ya watu. Na wakati huohuo wazo likanijia, likavuta kiti likakaa: mwanamume mwenye mke mpya haendi Mara.

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisema karibuni chai.

Chai haijachemka, shemeji yangu Nyagudi huyo. Ananusa sherehe kutoka ng'ambo ya mto. Akaketi, akala, akajipangusa, akauliza Wameru wanapokea ng'ombe au watataka tuwapelekee miraa yao wenyewe. Nikasema shemeji, tuyaache hayo, mgeni apumzike kwanza. Akanishangaa. "Mgeni gani, Yunia? Yule ni mke wetu."

Olweny amenitazama mchana kutwa. Nimemwomba anyamaze kidogo tu, mpaka mgeni aandike. Akasema mama, huu ni wazimu. Nikamwambia ale viazi vitapoa.

Jumamosi, 12 Agosti

Tumeingia mbugani na gari la Nkirote. Nilijialika. Olweny hakuwa amekunywa chai, nikabeba sufuria ya mahindi na maharagwe, sasa nani angeishika sufuria njiani?

Nimeolewa hapa nikiwa msichana. Waya huu nimeutazama maisha yangu yote, nimeanika nguo juu yake. Sikuwahi kuingia ndani nikiwa nimekaa kwenye kiti. Humo hakuna mtu. Nyasi zinakwenda mpaka kwenye kuta za milima, upepo unazilaza, zinainuka. Hatukukutana na gari lolote. Nkirote akazima injini akasema sikilizeni. Nikasikiliza. Nikamwambia sisikii kitu. Akasema, ndicho hicho, mama.

Olweny akaanza kueleza. Sikujua kwamba mwanangu ana maneno. Nyumbani hujibu eeh na a-a. Huku anasema polepole, anaonyesha kwa kidole kimoja: pale amelala tohe, swala wa nyasini, usitazame mwili, tazama masikio. Yule ndege mdogo wa buluu ni mbayuwayu, kwao ni kusini, baridi ikizidi huko anakuja kukaa kwenye nyasi zetu, na walimwengu waliomwona ni wachache. Mwezi wa tisa ataondoka. Nikauliza huwa anarudi? Olweny akageuka akanitazama. Akasema anarudi, mama. Kila mwaka.

Nilikaa nikitazama kisogo chake, kisogo cha baba yake hasa. Nikasahau kuwa na wasiwasi. Kwa muda mfupi.

Halafu tukamwona korongo. Si ndege, yule mnyama mkubwa wa mapembe yaliyopinda nyuma, uso mweusi na mweupe kama aliyejipaka unga kwa haraka. Katika nchi nzima wamebaki hapa tu, tena wachache. Watu wanalipa kwenda kuona nyumbu kwa maelfu, na huyu anasimama peke yake hapa kwetu kama mtu aliyefika arusini siku siyo. Alikuwa karibu. Alitutazama. Nkirote akainua kamera polepole, hapumui.

Ndipo mbung'o walipofika.

Waliliona shati la Olweny. Waliona shali. Waliona kilemba changu. Mbung'o wa bonde zima, nadhani walipeana habari. Nkirote anajipiga makofi, mimi napiga na mwiko, nimempiga na yeye kidogo, mahindi na maharagwe yote kwenye kiti. Olweny alikuwa wa kwanza kuelewa. Akavua shati akalitupa dirishani. Mbung'o wote wakatoka wakalifuata! Shati likapaa na upepo, limefungua mikono, likaenda moja kwa moja kwa korongo. Korongo alikimbia mpaka sasa sidhani amesimama.

Picha ipo. Shati angani, na makalio ya mnyama.

Nkirote jicho moja limeanza kufumba. Olweny, kifua wazi, akasema dada Nkirote, kuna jambo lazima nikwambie, kuhusu yule kuku. Akamwambia. Yote. Mlango, nyimbo, shemeji, ng'ombe. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Nkirote akainamisha kichwa kwenye usukani. Mabega yanatikisika. Nikaanza kusema pole, mwanangu, usilie. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakosa hewa. Akaniambia mama, mimi nina mume na mapacha, na mume wangu ana wivu kama nini. Kisha akanishika goti. Akaniomba niwaambie wale akina mama ukweli, mimi mwenyewe, kwa upole, wasione kwamba amewadhihaki. Nikaahidi. Kesho.

Jumapili, 13 Agosti

Sijawaambia. Ningewaambia saa ngapi? Kanisani Turfosa alisimama kabla ya kila mtu, akatangaza baraka iliyoingia bomani mwetu. Pasta akaomba. Nikasema amina. Nani anakataa maombi?

Nkirote hakwenda, uso umevimba. Anacheka kwa upande mmoja.

Mchana akanisomea alichoandika, kwa Kiswahili chepesi ili nielewe. Ameandika ule ukimya. Ameandika nyasi, na mbayuwayu, na korongo aliyekimbia. Na mbung'o ameandika! Nilimsihi awafute. Akakataa, akasema asiyetaka mbung'o aende Mara akagombanie chui. Mwisho ameandika kuhusu Olweny. Kwamba amezunguka nchi hii akiongozwa na watu wengi, na hajapata mtu anayekuonyesha mnyama kama vile anakujulisha kwa ndugu yake.

Nililia. Nikafuta macho na kilemba. Nikasema basi, wageni watakuja. Nkirote akasema gazeti litatoka Desemba, na wageni wa namna hii hawaji kwa basi, huja mmoja mmoja. Haidhuru, mmoja mmoja, mimi nitangoja.

Lakini wakatazamana, yeye na Olweny. Nautambua mtazamo ule. Ni wa watoto waliovunja chungu.

Nkirote akasema taratibu kwamba safari yake haijaisha. Akitoka hapa anakwenda Sibiloi, kisha mbele zaidi, kote huko ni mahali watu hawaendi. Aliyekuwa akisafiri naye ameacha kazi. Anamtaka Olweny. Kazi ya kudumu.

Si Mara! Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Nikauliza hiyo Sibiloi iko upande gani, karibu na Rongo? Olweny akasema kaskazini, mama, ng'ambo ya Ziwa Turkana. Nikauliza ni mbali kuliko Mara? Nkirote akanitazama kwa lile jicho lake moja zima, akasema, "Mama, Mara ni jikoni kwako."

Huko miti imegeuka mawe. Nimeambiwa na Olweny mwenyewe, macho yanamng'aa. Miti imegeuka mawe na mamba wanaota jua, na yeye anacheka.

Nikamkumbusha alivyosema. Wageni wakija, hatoki. Mgeni si amekuja? Akanishika mikono yote miwili. Akasema amekuja, mama. Umemleta wewe.

Nimemleta mimi. Kwa mshale.

Jumanne, 15 Agosti

Wameondoka.

Nimempa viazi vya kuchemsha, omena ya kukaanga, dawa ya tumbo, dawa ya nyoka, wembe, sabuni. Sweta sikuwa nalo. Nilisahau sweta! Nilikuwa nashughulika na mambo mengi mno wiki hii. Turfosa akatoka kwake na kifurushi. Sweta zito, la kijani, mikono mirefu. Alikuwa ameshalinunua, nadhani hata kabla ya kuniuliza ile siku ya omena. Akamvalisha mwenyewe, jua kali vile, akamfunga vifungo mpaka shingoni, akageukia ukutani akapenga kamasi. Sikujua nifanye nini. Nikamwambia rangi imemkaa.

Olweny akasema atapiga simu kila penye mtandao. Nkirote akasema huko hakuna mtandao, kisha akaona uso wangu akasema upo, upo, juu ya kilima kimoja. Akanikumbatia. Akaniuliza kwa kunong'ona kama nimeshawaambia akina mama. Nikasema nimeshawaambia.

Gari likapita chini ya mshale wa langoni, likaenda upande ambao mshale hauelekezi.

Kuku mweupe amebaki, hana mwenyewe, anadonoa mlango wangu. Nimekwenda mpaka nyumba ya Olweny. Kuingia chumbani siwezi. Nimefagia hapo mlangoni, nikakaa kwenye kizingiti. Mapazia yangu bado yamo. Mbung'o kadhaa wamekaa juu yake, wametulia, wanasubiri. Sikuwafukuza.

Jumatano, 16 Agosti

Leo nimeamka na nia safi. Nimepanga maneno tangu kitandani: Turfosa, dada yangu, lile jambo lilikuwa kosa la bati. Nimeyasema kwa sauti nikikamua ng'ombe. Yalikuwa mazuri.

Turfosa akaja mwenyewe, na chai. Chai yake! Akakaa karibu nami, jambo asilolifanya. Akauliza kwa upole bibi arusi na bwana arusi wamekwenda wapi, wanarudi lini.

Nikafungua mdomo. Nikasema wamekwenda kwa wakwe, kupeleka salamu.

Sijui yalitoka wapi. Turfosa akapiga kigelegele akimbeba kuku kumwonyesha dunia. Kabla sijamaliza kikombe, Nyagudi yuko langoni, fimbo mkononi, kofia ya vikao kichwani. Amesema ukoo hauwezi kukaa na mke wa watu bila kulipa hata mguu wa ng'ombe, itatuletea aibu huko Meru. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hapa kwangu. Wazee wote.

Nikahisi presha inapanda kutoka kwenye visigino. Nikasimama niseme ukweli, nimeshashika hata kifua. Nikafikiri.

Kikao cha mahari hakikai bila mwenye kuoa. Hakuna Mjaluo anayekosa kikao cha ng'ombe wake mwenyewe. Hata awe Sibiloi. Hata awe juu ya mti wa mawe. Atarudi! Itabidi arudi. Nitampa habari kupitia kwa Odera, madereva wa watalii wote wanajuana. Na akishafika nitamweleza kila kitu polepole, akiwa anakula.

Nikaketi. Nikamwambia Nyagudi karibu chai, shemeji.

Kuna mambo mengi ya kufanya. Turfosa amejitolea kupika. Watu watatoka mbali, na wengi hawaijui njia, kwa hiyo nimepita kwa Otuge. Anasema rangi nyeusi ipo, nyeupe ipo. Nimemwambia safari hii jina la Olweny liwe kubwa zaidi, na mshale uonekane hata na mtu aliye kwenye lori. Akauliza lile shada alifute.

Alifute kwa nini? Arusi gani haina maua.